HAKUNA ARDHI TUPU

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya ardhi zetu za pwani zinazotakiwa na matajiri wa mahoteli. Naomba ruhusa nianzie mbali na bahari, katika nyanda za juu za Ufipa, mkoa wa Rukwa, nilikopata kukaa kwa biashara ya maharage. Niliyoyaona huko yalinifundisha kuitazama pwani yetu kwa jicho jingine.

Mji wa Sumbawanga uko juu, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mgeni akitoka nje ya mji huona majani yaliyotanda mpaka upeo wa macho, na upesi husema: hapa hapana mwenyewe. Nami nilisema hivyo hivyo. Mzee mmoja wa Kifipa akanisahihisha kwa upole: "Mwanangu, hayo majani ndiyo mbolea yetu."

Maana yake ni hii. Mvua zinapokaribia kwisha, na ardhi ingali laini, Mfipa hukata udongo pamoja na majani yake, akaugeuza na kuyafukia ndani ya tuta la mviringo liitwalo ntumba. Majani huoza humo. Msimu wa pili tuta huvunjwa, udongo ukatandazwa, ukapandwa ulezi. Shamba likichoka huachwa miaka kadha wa kadha ili majani yarudi. Basi pale mgeni anapopaona pamelala bure, pamo kazini. Mwenye kupatwaa kwa hoja ya kuwa ni patupu, ametwaa shamba la mtu.

Karibu na mji huo liko shamba kubwa la Malonje. Lilikuwa shamba la mifugo la umma. Zilipokuja siku za kubinafsisha mali za serikali, likauzwa kwa taasisi ya Efatha. Mnunuzi akasema kwamba amelinunua kwa mujibu wa sheria. Wanavijiji wa jirani wakasema kwamba hawana pa kulima. Mgogoro ukaendelea miaka mingi, hata mawaziri wakawa hawana budi kuuingilia.

Sikuja hapa kumlaumu mnunuzi. Nataka tuzitazame hatua mbili. Kwanza ardhi iliitwa ya umma. Kisha hicho kilichoitwa cha umma kikauzwa. Je, baina ya hatua hizo mbili, umma wenyewe ulikuwa umekaa wapi?

Waungwana, swali hili latuhusu sisi kuliko wanavyohusika Wafipa. Upande wa Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka mkutano mkuu wa kijiji upate kusema neno lake kabla ya ardhi ya kijiji kuhamishwa. Kwetu Visiwani ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa chini ya mamlaka ya Rais. Hatua ya kwanza, basi, imekwisha kupita zamani. Iliyobaki ni ya pili.

Na hoja itakayotumiwa ni ile ile ya majani ya Ufipa. Maji yakitoka, mgeni huona mchanga mtupu. Haoni vigingi vya mwani vya mama zetu. Haoni pa kuanikia nyavu, pa kupandishia ngalawa, wala njia ya kwendea makaburini. Hivyo vyote havimo katika ramani anayoonyeshwa.

Tumekwisha kuyaona haya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya East African Development Company ilileta mpango wa kuijenga rasi ya Nungwi kwa dola bilioni 4: mahoteli kumi na nne, viwanja vya gofu na mengineyo, mahali wanapokaa watu wapatao 20,000. Malalamiko makubwa yalikuwa kwamba wenyeji hawakuulizwa. Mradi ule haukujengwa. Lakini tusijidanganye: kilichoshindwa kuingia kwa mkupuo mmoja kiliingia kidogo kidogo, hoteli baada ya hoteli.

Ndugu zetu wa Lamu wametuonyesha njia. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga huko mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050. Watu wa Lamu, chini ya jumuiya yao ya Save Lamu, hawakutosheka na kunung'unika barazani. Walipeleka shauri mbele ya baraza la hukumu za mazingira la Kenya, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mradi ikabatilishwa. Moja katika sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopasa.

Basi nasema, wanachama wenzangu, kelele peke yake hazitoshi. Kila tawi la pwani na liandike sasa, kabla ya mpimaji kufika, kila matumizi ya ufukwe wake: mwani wa nani uko wapi, dago la nani, kisima gani, njia gani. Wazee watie sahihi, na wasiojua kuandika watie dole gumba. Akiitwa mtu mkutanoni, aulize majina ya waliohudhuria yameandikwa wapi, na nakala ya maneno yaliyosemwa aidai. Na akipewa mtu bahasha ili anyamaze, ajue kwamba anauza na fungu la mjukuu wake.

Hatukatai wageni, wala hatukatai kazi kwa vijana wetu. Tunalolikataa ni kuhesabiwa kuwa hatupo. Mfipa ayajua majani yake, nasi twaujua mchanga wetu. Atakaye kuujua, na aje atuulize.