Neno Moja, Njia Mbili: Jinsi Siasa Ilivyozigeuza Nchi Jirani



Watu wengi hudhani kwamba siasa ni jambo la wakubwa waketio Bungeni, wala haimhusu mkulima mwenye jembe lake mkononi. Sivyo. Siasa ya nchi huingia shambani na darasani, tena huingia hata nyumbani, ikaamua mtoto atamwamkia mgeni kwa lugha gani. Ili jambo hili lipate kueleweka, yafaa kuzitazama nchi mbili jirani, Kenya na Tanzania.

Mpaka wa nchi hizi ulipigwa na Waingereza na Wadachi kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890. Ulianzia pwani, karibu na Vanga, ukapinda kuuzunguka mlima wa Kilimanjaro, ukaishia katika ziwa la Victoria. Wadigo, Wamasai, Wakuria na Wajaluo wakajikuta wamegawanyika, ndugu wengine huku na wengine huko. Basi tofauti zilizoonekana baadaye hazikutoka katika damu. Nyingi zilitokana na siasa.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. La ajabu ni kwamba viongozi wa pande zote mbili walilichagua neno moja. Mwalimu Julius Nyerere alieleza maana ya Ujamaa katika maandishi yake ya mwaka 1962. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta nayo, katika mwaka 1965, ilitoa Waraka wa 10, ikatangaza kwamba Kenya itafuata Ujamaa wa Kiafrika. Aliyesikia jina tu angedhani njia ni moja.

Lakini jina si jambo lenyewe. Na tuitazame ardhi. Katika Kenya, tangu mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya mashamba vilikusanywa pamoja, na mwenye shamba akapewa hati. Serikali ya uhuru ikaendeleza kazi hiyo. Mwenye hati aliweza kukopa fedha, akapanda kahawa au chai, akafuga ng'ombe wa maziwa. Lakini hati ile ile ilimpa ruhusa ya kuuza. Mwenye fedha akanunua, na maskini akabaki hana pa kulima. Tena Waraka ule ulishauri kwamba fedha za maendeleo zitumiwe kwanza mahali zitakapozaa faida kubwa. Hivyo sehemu zenye rutuba zikatangulia, na wafugaji wa nchi kavu ya kaskazini wakaachwa nyuma.

Tanzania ilishika njia nyingine. Katika mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele uliondolewa, ardhi ikawa mali ya taifa. Tarehe 5 Februari 1967 likatolewa Azimio la Arusha, na mabenki yakataifishwa mwezi huo huo. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, au kupangisha nyumba. Kumbe katika Kenya, mwaka 1971, Tume ya Ndegwa ilipendekeza kinyume chake, kwamba mtumishi wa Serikali aruhusiwe kufanya biashara yake mwenyewe.

Kuhusu vijiji vya Ujamaa, hapo kwanza watu walishawishiwa kwa maneno. Lakini mnamo Novemba 1973 ikatangazwa kwamba, kufika mwisho wa mwaka 1976, wakulima wote sharti wawe wanakaa vijijini. Ushauri ukageuka amri. Mamilioni ya watu walihamishwa, na mahali pengine nyumba zao zilichomwa moto ili wasirudi. Wengine walipelekwa mbali na mashamba yao, na chakula kikapungua. Ukame nao ukazidisha shida. Hata hivyo, si haki kutaja mabaya peke yake. Shule zilifika mahali ambapo hazikuwako, wazee walifundishwa kusoma, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali. Msukuma na Mmakonde wakaweza kuzungumza bila mkalimani.

Katika mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka ukafungwa hadi mwaka 1983. Ule mstari uliochorwa na wageni ukafungwa na wenyeji wenyewe.

Je, lipi la kujifunza? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyejua kasoro za vijiji ni yule aliyehamishwa. Aliyejua kasoro za hati ni yule aliyebaki bila shamba. Lakini hao hawakuwa na chama kingine cha kuwasemea. Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja kwa sheria kutoka mwaka 1965 hadi 1992. Kenya ilibaki na chama kimoja tangu mwaka 1969, na sheria ikalithibitisha jambo hilo mwaka 1982, mpaka ilipobadilishwa mwaka 1991. Kwa hiyo makosa ya pande zote mbili yalikawia kurekebishwa.

Baadaye kila nchi ilielekea upande wa mwenziwe. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwaruhusu viongozi wa Tanzania kuwa na hisa na kupangisha nyumba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ikamkataza afisa wa dola aliyeajiriwa kwa muda wote kufanya kazi nyingine ya malipo.

Basi, mabibi na mabwana, mtu akija kuwahubiria siasa yenye jina tamu, msilishangilie jina hilo upesi. Mwulizeni maswali mawili: shamba litakuwa la nani, na asiyeridhika atasemea wapi? Akiyajibu waziwazi, mtajua mnapelekwa wapi.