Juu ya Kuchagua Betri ya Gari la Kazi
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi



Halmashauri ilipotutaka tuseme machache juu ya betri za magari, wako waliocheka wakisema kwamba hayo ni maneno ya karakana, wala si ya watu wa kalamu. Sisi twaona kinyume. Fundi hufunga betri aliyoletewa, na dereva huendesha kwa betri aliyofungiwa. Lakini aliyeandika hati ya kuagiza, ambayo kwayo betri hii ilinunuliwa na ile ikaachwa, ni karani. Akiandika "betri, moja," na kuacha nafasi iliyosalia tupu, muuzaji ataijaza nafasi ile kwa hekima yake mwenyewe, na hekima ya muuzaji twajua yaelekea wapi.

Gari tunalolisemea ni gari la wilayani, Land Cruiser au Land Rover ya dizeli, lile lipelekalo chanjo zahanati na mitihani shuleni, na ambalo usiku huamshwa kwenda kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua kijijini. Gari hilo likikataa kuwaka saa nane ya usiku, hapana mtu wa kulisukuma ila dereva na mume wa mgonjwa, na gari la dizeli lenye uzito wa tani mbili na zaidi halisukumwi na watu wawili mchangani.

Kabla ya kununua betri mpya yafaa kwanza kuuliza kama ile ya zamani ina hatia. Twalijua gari moja, katika kituo ambacho hatutakitaja, lililobadilishiwa betri tatu katika miezi 18. Kila mara dereva aliandikiwa barua aeleze kwa nini ameharibu mali ya Serikali, na kila mara alijibu kwa adabu kwamba hajui. Betri ya tatu ilipokufa, fundi wa mji wa jirani alifungua boneti, akaitikisa kwa mkono, nayo ikacheza kama jino la mtoto. Chuma cha kuishikia kilikuwa kimepotea tangu zamani, na mahali pake pamefungwa ukanda wa mpira wa tairi. Chuma kile ni cha bei ndogo mno kulinganishwa na betri moja, sembuse tatu; na hapana barua iliyoandikwa kumwondolea dereva lawama.

Sababu ya jambo hilo i wazi kwa mtu ajuaye yaliyomo ndani. Betri ya namna hii aliivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mwenzake Camille Faure akaiongezea nguvu mwaka 1881 kwa kupaka unga wa risasi juu ya mabamba. Tangu 1912, gari la Cadillac lilipoanza kuuzwa likiwa na stata ya umeme, imekuwa ndiyo iwashayo magari. Asili yake haijabadilika. Ndani ya sanduku mna vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi yaliyopakwa unga ule na kuzamishwa katika maji makali, yaani asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Unga ule umeshikwa kama udongo ulivyoshikwa na fito za nyumba. Gari likipita siku nzima katika barabara iliyojikunja kama bati, na betri haikukazwa, udongo huanguka. Huanguka chini ya chumba ukalala pale, mwisho ukakutanisha bamba na bamba, na chumba kikafa. Chumba kimoja kikifa, vitano vilivyobaki havifai kitu.

Adui wa pili ni joto. Wengi hudhani betri huuawa na baridi, kwa kuwa vitabu vingi vya magari vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Baridi hudhihirisha udhaifu wa betri, lakini joto ndilo linaloila. Mafundi huhesabu kwa kadiri kwamba joto likizidi digrii 25, kila nyongeza ya digrii 10 hupunguza maisha ya betri karibu nusu. Chini ya boneti, mchana wa Shinyanga au Dodoma, digrii hizo hupitwa kwa mbali. Basi betri iliyodumu miaka mitano Ulaya ikidumu miwili au mitatu kwetu, tusiseme mara moja kwamba tumeuziwa bandia.

Tukitaka kujua hatia iko kwa nani, chombo kidogo cha kupima volti chatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi, 12.2 ni nusu hivi; na karibu na 12.0 ni njaa. Wakati wa kuwasha stata, isishuke chini ya 9.6. Injini ikisha kuwaka, chombo kionyeshe kama 13.8 hata 14.5. Ikiwa hakipandi, alteneta au mkanda wake ndio mgonjwa, na betri mpya itakufa vilevile. Ikiwa chapita 14.8, maji ya betri yatachemka na kukauka. Tazameni pia waya unaoshuka kwenye chasisi, na unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri. Betri nyingi zimetupwa kwa sababu ya unga ule, ambao maji ya moto na magadi kidogo huuondoa.

Ikisha kuthibitika kwamba betri imekufa, sasa ndipo kazi ya karani. Magari mengi tunayotumia yametoka Japani, na betri zake huandikwa kwa desturi ya Kijapani, kwa mfano 105D31R. Wengi husoma 105 wakadhani ni ampea-saa. Sivyo. Tarakimu ile ni daraja ya nguvu ya betri, si ujazo wake. Herufi D yaonyesha upana na kimo cha sanduku, 31 ni urefu wake, karibu sentimita 31, na herufi ya mwisho yaeleza vichwa vimekaa upande gani. Herufi hiyo ya mwisho ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo iletayo hasara kubwa: betri ikiwa na vichwa kinyume, waya hazifiki, na fundi mwenye haraka aweza kufunga chanya mahali pa hasi, akaunguza alteneta kwa dakika moja. Ampea-saa huandikwa mahali pengine, na kwa dizeli kubwa aghalabu hutakiwa 70 hata 90. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Iliyo ndogo kuliko kitabu kisemavyo tusiipokee hata kwa bei ya bure.

Muuzaji atasifu pia hesabu ya ampea za kuwashia katika baridi. Hesabu hiyo hupimwa katika digrii 18 chini ya sifuri, baridi isiyojulikana Tabora. Si hesabu ya uongo, na dizeli huihitaji nguvu hiyo. Lakini ikiwa sanduku ni lilelile na hesabu imepandishwa sana, aghalabu mabamba yamefanywa mengi na membamba, na bamba jembamba huliwa upesi na joto. Sisi, tukiwekewa mbili za ukubwa mmoja na namna moja, hupenda kuzinyanyua. Iliyo nzito ina risasi zaidi.

Halafu kuna swali la betri ya maji na ile ambayo mitaani huitwa betri kavu. Hii ya pili si kavu hata kidogo. Ndani yake mna maji makali yaleyale, ila imefungwa usiweze kuyaongeza. Wengi hupenda hii kwa kuwa haiwasumbui. Shauri letu ni tofauti kidogo: katika kituo chenye joto kali, ikiwa yuko dereva mwaminifu atakayefungua vifuniko kila wiki mbili na kuongeza maji ya betri yaliyosafishwa, yasiwe ya kisima wala ya bomba, betri ya vifuniko itadumu zaidi, kwa kuwa maji yaliyokauka hurudishwa. Hufaa pia kwa kuwa haidromita huweza kutiwa kila chumba na kumwonyesha mgonjwa mapema: iliyojaa husoma 1.265 au zaidi, ingawa watengenezaji wengine huyapunguza makali kwa ajili ya nchi za joto, na kwao 1.240 au 1.250 ni shibe. Vyumba vitano vikisoma sawa na cha sita kikiwa chini sana, hapana la kuuliza tena. Lakini kama kituoni hapana mtu wa kufungua vifuniko, chukueni iliyofungwa, wala msione haya. Kazi isiyofanywa haimsaidii mtu.

Ziko za namna ya tatu, ambazo maji yake yamenywewa na pamba ya vioo, nazo hustahimili mtikisiko kuliko zote na hazimwagiki gari likilala ubavu. Bei yake ni kubwa, na hazipendi joto la injini wala alteneta inayozidisha. Za lithiamu ni nyepesi na nzuri kwa taa na friji nyuma ya gari, lakini chini ya boneti ya dizeli, katika joto letu, tusingeshauri fedha za wananchi ziende huko.

Kwa kuwa tumetaja friji, tuseme jambo jingine. Betri ya kuwashia imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha ijazwe. Kuifanya ibebe friji ya chanjo au redio usiku kucha ni kumfanya tarishi apasue kuni. Gari lenye kazi hizo lipewe betri ya pili, ya namna ivumiliayo kuishiwa, pamoja na swichi ya kuzitenga. Na gari ambalo tangu kiwandani lina betri mbili kwa kuwashia, zikibadilishwa zibadilishwe zote mbili siku moja. Nzee huila mpya. Twajua karani ataulizwa kwa nini ameagiza mbili na moja ingali inawaka. Ajibu hivyo.

Umri ni neno linalosahauliwa kuliko yote. Betri iliyotiwa maji huzeeka hata rafuni. Ikikaa duka la bati miezi kumi bila kuchajiwa, mabamba hufanya ukoko mgumu, na hata ikijazwa haitarudi ilivyokuwa. Tarehe hupigwa muhuri juu ya kifuniko au ubavuni, mara nyingi kwa mafumbo; muuzaji aifumbue mbele yenu, na akishindwa, mwacheni na betri yake. Ziko nazo zilizofufuliwa, zilizobadilishwa maji na kupakwa lebo mpya: tazameni vichwa kama vina mikwaruzo ya waya, maana betri mpya haijapata kufungwa popote.

Basi hati na iandikwe hivi: "Betri moja ya risasi na asidi, volti 12, ampea-saa 80, sanduku la D31, vichwa kama vya betri ya zamani iliyoambatanishwa, yenye vifuniko vya kuongezea maji, iwe imetengenezwa si zaidi ya miezi sita kabla ya kupokelewa, ipimwe mbele ya mpokeaji na isisome chini ya volti 12.5, pamoja na dhamana ya maandishi ya miezi 12." Tarakimu zibadilishwe kwa kufuata gari. Kwa maneno hayo, atakayeleta bei ya chini kuliko wote atakuwa ameleta bei ya kitu kimoja na wenzake, na Mkaguzi wa Hesabu hatakuwa na neno. Siku ya kufungwa, tarehe iandikwe kwa rangi juu ya sanduku, na katika daftari la gari, maana dhamana isiyo na tarehe ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Magari mengi siku hizi yana kifaa cha kufuatilia mwendo, nacho hunywa umeme usiku na mchana. Kikinywa sehemu 50 tu katika 1,000 za ampea, kwa siku ni ampea-saa 1.2, na kwa wiki tatu za kungojea vipuri ni 25, zaidi ya theluthi moja ya betri ya 70. Gari likisimama muda huo, liwashwe na kuendeshwa mwendo wa nusu saa kila wiki, au waya wa hasi ufunguliwe kwa idhini ya mkubwa.

Limebaki la betri kuukuu. Zisirundikwe nyuma ya ofisi, wala zisiuzwe kwa mtu wa kupasua na kuyeyusha risasi uani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu ya risasi katika damu za watoto na wazee. Phyllis Omido, aliyekuwa mtumishi wa kiwanda hicho, aliwapigania hata akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wenyeji walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, shauri ambalo liliendelea katika rufani mpaka Mahakama ya Juu. Karani aandike katika hati kwamba muuzaji apokee ile kuukuu, imesimama wima na maji yake ndani, atoe stakabadhi, na thamani yake ipunguzwe katika bei. Muuzaji mwenye njia ya kuipeleka kwa wenye kibali hatakataa.

Tumeleta hapa haidromita moja na chombo cha kupima volti, na gari la Mwenyekiti liko nje chini ya mwembe. Wapendao kujaribu na watufuate sasa, kabla injini haijapoa. Watakaotaka kipimo cha kweli cha betri iliyolala, waje kesho saa moja asubuhi kabla dereva hajaliwasha.