Furaha Isiyotazamiwa

Hotuba iliyosomwa mbele ya watu wa Wambaa, Pemba



Nimeombwa niseme maneno machache, nami nimechagua jambo ambalo kila mtu wa kisiwa hiki alijua, lakini ni nadra kulitaja: ile furaha imjiayo mtu siku shauri lake lilipovunjwa na mvua, au na upepo, au na homa. Sitasema habari za subira. Hizo mmezisikia tangu utotoni, na hapa wamo wazee wawezao kuzieleza kuliko mimi. Subira ni kuvumilia lililokufika. Hili langu ni jingine. Ni kitu kinachoingia nyumbani kwa mlango ambao hukuufungua wewe.

Kwanza yafaa nitaje hasara, maana mtu akija kuisifu mvua mbele ya mwenye karafuu uani, atafukuzwa, na haki yake. Karafuu huchumwa hali mafumba hayajafunuka, zikachambuliwa kutoka katika makonyo, kisha zikaanikwa juu ya majamvi. Jua likiwa kali, siku 4 au 5 zatosha. Lakini mvua ikinyesha siku ya pili na ya tatu, nazo zimerundikwa ndani zingali mbichi, hupata joto, hupauka na kuwa nyepesi, na mnunuzi akizitia mkononi huzijua mara moja. Kazi ya nyumba nzima hushuka daraja. Na msimu wetu aghalabu huangukia katika mvua za vuli. Kwa hiyo mtu akitazama wingu kwa hofu, si mwoga. Anatazama ada ya shule na bati la nyumba yake.

Basi niwaeleze nililoliona katika mji mmoja, si mbali na hapa. Walikuwako ndugu wawili, mtu na mdogo wake, ambao tangu kugawana mikarafuu ya marehemu baba yao hawakusemezana. Nyumba zao zatazamana, na uwanja wa kuanikia ni mmoja. Wakubwa kwa wadogo wa nyumba hizo walijua kupita bila ya kuinua macho. Siku moja ya Oktoba, baada ya adhuhuri, mvua ikaja ghafula kutoka baharini, na mke wa mkubwa alikuwa peke yake uwanjani na majamvi manne. Mdogo mtu alikuwa juu ya mti. Akateremka upesi, kwani mti wa mkarafuu ukirowa huteleza na matawi yake ni mepesi kuvunjika, na alipofika chini akamkuta kaka yake ameshika ncha moja ya jamvi na kuhangaika na ya pili. Jamvi lililojaa karafuu halichukuliwi na mtu mmoja. Akashika ncha ile. Wakaenda mbio, wakamwaga ndani, wakarudi, wakachukua la pili na la tatu. La nne liliwashinda, likarowa lote.

Mvua haikukatika mpaka usiku. Ndani ya chumba kile palikuwa na lundo la karafuu za asubuhi zisizochambuliwa bado, na watu wa nyumba mbili wameketi kulizunguka, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Nami nilikuwamo, nimejibanza nisirowe. Kazi ya kuchambua, kama mjuavyo, ina jambo lake: mikono hupata kazi, na midomo haipati. Kwa muda mrefu hapakusikiwa ila mvua juu ya bati. Halafu mkubwa akasema, bila ya kumtazama mtu, “Baba angekuwapo angelitukana jua.” Mdogo akacheka. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu maneno yao. Walisimulia habari za punda wa baba yao aliyekuwa hakubali kuvuka maji, na watoto waliokuwa hawajapata kuwasikia wakizungumza waliacha kuchambua, wakatega masikio.

Ile kesi ya mikarafuu haijamalizika hata leo, wala sidai kwamba mvua yaweza kugawa mirathi. Nasema tu kwamba kama jua lingaliwaka siku ile, kila mmoja angalikaa kwake.

Watu wa pwani hatukuanza jana kupewa wakati tusiouomba. Hapo kale vyombo vya Arabuni na vya Bara Hindi vilikuja kwetu kwa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba, na havikuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma, karibu na Aprili. Nahodha hata awe tajiri wa namna gani, hakuweza kuununua upepo. Akangoja. Mabaharia wakapaka vyombo sifa na shahamu, wakashona matanga, wakajifunza lugha, wakaoa. Jamaa nyingi kati ya hizi za kwetu zenye ndugu Omani zilianza kwa kungoja huko.

Na asiyetaka kungoja alilipa. Vasco da Gama, yule Mreno, aliondoka Malindi Aprili 1498, kusi ikimsukuma, akafika Bara Hindi kwa muda usiotimia mwezi. Lakini katika kurudi aliondoka huko mwanzo wa Oktoba, kabla ya kaskazi kutengenea. Safari ile ile ikamchukua karibu miezi 3. Watu wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha hata kuendesha vyombo vyao; chombo kimoja wakakichoma moto wenyewe. Mvuvi yeyote wa Wambaa angalimwambia akae kidogo.

Hata hivyo, si kila tufani niipendayo kuitaja kwa furaha. Wako wasemao kwamba kisiwa chetu kilipata bahati yake kwa tufani kubwa ya Aprili 1872, katika siku za Sayyid Barghash. Ni kweli kwamba tufani ile iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo vingi bandarini, na Pemba haikupata hasara kama ile. Bei ikapanda, watu wakapanda mikarafuu huku, na Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi kuliko Unguja. Hiyo ni faida, nami siikatai. Lakini mtu aliyekula faida ile alijua kwamba mwenzake ng'ambo amelala chini ya miti iliyong'oka. Kwangu mimi furaha na faida ni vitu viwili, na ile ya chumba cha kuchambulia haikumpunguzia mtu kitu.

Ama kuhusu maradhi, nitasema machache, na kabla ya yote nasema mwenye homa aende zahanati upesi, wala asikae akingoja furaha. Mwaka mmoja nilikuja hapa Wambaa kwa kazi ya kuandika hesabu, siku 2 tu. Siku ya tatu ilinipasa niwe chomboni, kwenda Muheza kwa harusi ya mdogo wangu. Usiku wa pili homa ikanishika. Nikapimwa, nikapewa dawa, nikaambiwa nisisafiri. Nililala siku 9 katika nyumba ya mzee mmoja ambaye hakunijua ila kwa kalamu yangu. Harusi ile sikuiona, wala hakuna kitu kilichonilipa. Mama yangu hunitajia mpaka leo.

Lakini siku ya sita, nilipoweza kuketi barazani, mzee yule alinitupia nyuzi za makumbi, akasema, “Karani, mikono yako imezoea uvivu.” Akanifundisha kusokota kamba. Nilipata kuona makumbi yakitiwa katika tope la pwani miezi mingi, yakatolewa, yakapigwa, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Nikauliza. Siku 3 nilisokota kamba mbovu, nayeye akizifungua na kucheka, nami nilifurahi kwa namna ambayo sikufurahi ofisini tangu nianze kazi. Kamba ya mwisho hakuifungua. Aliichukua, akafungia mbuzi wake.

Nilikuwa nataka niwaombe wazee mtueleze na ninyi yaliyowapata siku za mvua, maana najua mnayo. Lakini naona wingu limekwisha kusimama upande wa Mkoani, na wenye karafuu uani wameanza kutazama mlangoni. Nendeni, mabwana. Jamvi la mtu asiyekuwapo, shikeni ncha zote mbili.