Kelele za Nyumbani na Afya Zetu



Sisi wakazi wa Isiolo hulalamikia malori ya barabara ya Moyale, hali redio zetu wenyewe hukesha zikinguruma. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kelele za mfululizo chumbani usiku zisizidi desibeli 30, yaani kiasi cha mnong'ono. Akoseshwaye usingizi kila siku, shinikizo lake la damu huweza kupanda. Na mtoto adurusuye kando ya redio hujifunza kwa taabu. Mabati yaliyolegea yapigiliwe misumari, kwa maana upepo wetu hauna adabu. Mapazia mazito hupunguza mwangwi, ingawa hayamzuii jirani. Jenereta isiegemezwe ukutani mwa mwenzio. Redio nazo tuzipunguze ifikapo saa tatu, watoto walalapo.