Mashine ya Kusaga na Usalama wa Mama

  Leo tutazungumza kuhusu mashine ya kusaga unga, ile unayopangia foleni pale sokoni.

Wengi wetu hapa Garissa tunakumbuka kinu na mchi. Mama alitwanga mahindi au mtama kabla ya jua kuchomoza, pengine ni mjamzito, pengine ana mtoto mgongoni. Leo debe moja husagwa kwa muda mfupi tu. Kama muuguzi, nafurahi. Mama mjamzito anazihitaji nguvu zile, na muda uliobaki ni wa kwenda kliniki, kunyonyesha bila haraka na kupumzika.

Lakini mashine haina macho. Injini huzungusha kinu kwa mkanda, na mkanda ukishika nguo hauachi. Siku moja tulimpokea mama aliyeinama kukinga unga, upepo ukapeperusha ncha ya garbasaar yake hadi kwenye mkanda. Alipona, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia hauna nguvu tena. Sasa binti yake ndiye anayepika anjera asubuhi, na shuleni anachelewa.

Mama, shika mambo haya manne:

1. Huhitaji kujifunua. Kunja ncha za garbasaar au buibui, uzifunge fundo kwa nyuma kabla ya kuingia.

2. Mtoto asiingie, hata akiwa mgongoni. Mwache nje na mtu mzima. Vumbi la unga na moshi wa injini pia humletea kikohozi.

3. Nafaka ikikwama, usitie mkono. Mwambie mwenye mashine azime injini kwanza.

4. Tazama mkanda. Je, umefunikwa kwa wavu au bati? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizingirwe. Usione haya kuuliza. Mmoja akiuliza atapuuzwa. Foleni nzima ikiuliza, atasikia.

Je, ajali ikitokea? Zima injini kwanza, usimvute mtu mashine ikizunguka. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia, kisha mpeleke hospitali mara moja. Usipake majivu wala dawa ya meno. Kama kidole kimekatika, kifunge ndani ya karatasi safi ya plastiki, uweke kwenye maji baridi, ukibebe pamoja naye, kisiguse barafu. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Mama, mashine imekupunguzia kazi. Usikubali ikuchukulie mkono. Kesho ukienda kusaga, funga garbasaar yako, na umkumbushe jirani kwenye foleni.