Kabla ya Kuanza Uzamili wa Tiba ya Usemi

Msikilizaji, kama umepata nafasi ya kusomea uzamili wa tiba ya usemi na lugha huko Marekani, miezi hii usiipoteze bure. Cheti cha chama cha taaluma, ASHA, hudai saa 400 za kliniki. Kati yake, 25 ni za kutazama wataalamu wenye cheti hicho wakihudumia watu. Ukiweza, zianze mapema, na kumbukumbu zitiwe saini. Rudia anatomia ya koo na sikio. Fonetiki pia: kuandika kwa alama matamshi ya mtoto asiyenyamaza si mchezo! Nanyi mnaoelekea audiolojia, taaluma ya usikivu, jiandaeni kwa shahada ya udaktari, takriban miaka 4. Na Kiswahili chako usikifiche: mgonjwa wa kiharusi mwenye lugha mbili anapaswa kupimwa kwa zote mbili.