Bahasha Inayomfikia Mwalimu Kwanza

Mhadhara wa umma kwa wanachuo na wananchi, Chuo cha Ualimu Kinampanda, Iramba



Wanachuo, mtakapopangiwa shule za vijijini mtaona kwamba kazi yenu haiishii ubaoni. Jioni mzazi atabisha hodi akiwa na bahasha: "Mwalimu, hebu nisomee hii." Huenda ndani yake mna hati ya kampuni ya bima, ya Kiingereza kitupu, na chini pameachwa nafasi ya dole gumba. Nimekuja kuizungumzia bahasha hiyo, kwa sababu haki ya majeruhi inaweza kupotea hapo mezani, kabla hajamwona wakili.

Sisi wa Iramba ajali tunazijua. Barabara kuu kutoka Misigiri hushuka mlima Sekenke kwenda Shelui, ikibeba mabasi ya Mwanza na malori ya Rwanda na Burundi. Huku kwetu, kwenye vumbi, kuna bodaboda. Mtu akivunjika mguu, neno linalotangulia ni "tuyamalize kienyeji". Dereva anatoa hela ya matibabu ya siku mbili, wazee wanashuhudia, karatasi inasainiwa. Kupatana ni jambo jema. Lakini mguu huo unaweza kuhitaji upasuaji mwingine mwakani, na msimu wa alizeti ukapita mwenyewe yuko kitandani. Aliyesaini kwamba ameshalipwa na hadai tena, amejifungia mlango akiwa nje.

Milango ya fidia iko miwili, na kila mmoja una ufunguo wake.

Wa kwanza ni wa aliyeumia kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Chini ya sheria ya zamani, kilema cha kudumu kilikuwa na ukomo wa shilingi 108,000. Sasa Mfuko hulipia matibabu, ulemavu wa muda na wa kudumu, mazishi, na pensheni kwa wategemezi. Mchango hutoka kwa mwajiri, awe wa serikali au binafsi, na mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba bosi wake alifanya uzembe. Kinachotakiwa ni kuwahi: mwajiri aripoti ajali ndani ya siku 7, na dai lisivuke miezi 12. Nanyi walimu mmo humo.

Wa pili ni wa aliyeumizwa barabarani. Kila chombo cha moto, pikipiki ikiwemo, kinapaswa kuwa na bima ya kumlinda mtu mwingine. Lori la nchi jirani huingia na kadi ya njano ya COMESA, inayofanya kazi hiyohiyo, na Tanzania inaitambua. Hapa uzembe lazima uthibitishwe, na dai la namna hii lina ukomo wa miaka 3. Wengi hudhani dereva akishapigwa faini mambo yamekwisha. Faini inakwenda serikalini. Majeruhi haipati hata senti. Hata hivyo hukumu ya mahakama inayomtia dereva hatiani ni silaha, maana Sheria ya Ushahidi inaifanya kuwa uthibitisho wa kosa katika kesi ya madai. Kwa hiyo nakala yake itafutwe na itunzwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mahakama ya Rufani imesema jambo hilohilo kwa lugha ya sheria: hasara mahususi itajwe na ithibitishwe. Nauli ya kwenda hospitali, dawa, magongo, vibarua waliokulimia shamba, vyote viwe na risiti au maandishi. Tangu siku ya kwanza ihifadhiwe nakala ya PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, ripoti ya polisi, namba ya gari, jina la kampuni ya bima, na majina ya walioshuhudia.

Msaada nao upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, nao hawaruhusiwi kumtoza mnyonge. Hawasimami mahakamani kwa niaba yake, lakini humwandalia njia na kumwelekeza kwa wakili. Pa kuanzia kuulizia ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya, Kiomboi. Na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hivyo mkulima wetu ana haki ya kuielewa kesi yake mwenyewe. Akimpata wakili, wakubaliane ada kwa maandishi, na risiti ya kila malipo aidai.

Walimu wangu wa kesho, siwaombi muwe mawakili. Naomba bahasha ile isitoke nyumbani kwenu kama ilivyoingia. Isomeni yote, mstari kwa mstari, kwa lugha anayoielewa mwenyewe. Mwambieni asiweke dole gumba siku hiyo. Mhesabieni tarehe: siku 7, miezi 12, miaka 3. Kisha mwelekezeni Kiomboi, na asiyeweza kutembea, nendeni naye.